Mbuzi Asiyekuwemo Kitabuni

Mpendwa Bi Mwaija,

Ama baada ya salamu, naomba unisaidie akili, maana yangu nimeitumia hadi ikaisha, na naomba unijibu upesi gazetini kwa sababu jambo hili lina siku yake, nayo ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa Agosti, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule hapa Bagamoyo. Mimi ni mtu mzima wa miaka karibu sitini, karani mstaafu wa forodha, na kwa asili si mtu wa hapa ila wa upande wa Mkange, ambako niliondoka nikiwa kijana mwaka ule vita vya Mjerumani vilipopita kwetu na watu wakachukuliwa kubeba mizigo, na tangu siku hiyo sijarudi, ingawa kutoka hapa hadi kwetu ni mwendo wa siku mbili kwa miguu na siku hizi hata lori linafika karibu. Watu huniuliza sababu, nami miaka ya kwanza niliwaambia kazi, kisha nikawaambia magoti, na sasa hivi nawaambia mvua.

Tangu mwaka 1930 mimi ndiye msomaji wa baraza letu. Kila siku baada ya sala ya alasiri wenzangu huja na kahawa yao, nami nakuwa na kitabu changu, nasoma kwa sauti mpaka jua lipungue. Nimewasomea vitabu vingi, lakini kimoja ndicho wanachokiomba tena kila baada ya miaka miwili mitatu, nacho ni *Mshona Matandiko*, hadithi ya Kizungu inayojulikana nchi nyingi, ambayo mwalimu wangu mmoja aliifasiri kwa Kiswahili, zikachapwa nakala chache, akanipa moja. Ni habari za Anselmi, fundi wa matandiko ya farasi, ambaye gharika ilimtoa kwao akiwa kijana, akazunguka nchi za watu miaka thelathini akishona ngozi, na katika sura ya mwisho anarudi kwao.

Sasa nakiri, Bi Mwaija. Wakati nakisoma kitabu hicho mara ya kwanza nilikuwa mtu mpweke asiye na mke wala ndugu katika mji huu, na nyuma ya ua wa makuti, hatua tatu kutoka barazani, alikuwa akikaa mjane kijana jina lake Zaina, akisuka mikeka na kusikiliza. Nilipeleka posa. Kaka zake walikataa, wakasema hawamtoi dada yao kwa mtu ambaye hata jiwe la kaburi la babu yake halijulikani liko wapi. Lakini Zaina mwenyewe alimtuma shangazi yake kwangu na maneno haya: "Mwambie msomaji nitamjibu siku mshona matandiko atakapofika kwao."

Mimi kitabu nilikuwa nimeshakimaliza peke yangu chumbani, nikajua kinavyokwisha. Anselmi anafika langoni kwao, anamkuta mwanamke anafagia, naye ni mdogo wake aliyemwacha mtoto mchanga. Anaomba maji. Mwanamke anampa maji kwa kikombe cha mti cha nyumba ile, chenye pengo mdomoni, na pengo hilo Anselmi mwenyewe ndiye aliyelitia utotoni. Anakunywa, anarudisha kikombe, anamwombea dua, anakwenda zake bila kutaja jina lake. Ndiyo mwisho. Basi alasiri ile nilipofika ukurasa huo nikasikia nyuma ya ua ukindu umenyamaza, nikajua mikono ya mtu imesimama inangoja, na ulimi wangu ukaniasi, macho yakabaki kitabuni na mdomo ukaenda njia nyingine, nikasoma kwamba mwanamke alitupa ufagio akapiga kelele "Kaka!", majirani wakaja mbio, hakuna aliyegusa maji, akachinjwa mbuzi, na kwa sababu hofu humfanya mtu aseme mengi nikataja hata rangi ya mbuzi kuwa alikuwa wa mabaka.

Wiki ile ile nilijibiwa, na kaka zake wakashindwa naye. Tumeoana miaka ishirini na mitano sasa, tumejaaliwa watoto wawili, na mbuzi yule nimekuwa nikimchinja upya kila kitabu kinaporudi barazani. Mwaka mmoja nilisahau nikasema mweusi. Yupo mtani wangu, Kulwa, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja na misafara ya pembe, akaniuliza mbele ya watu: "Mtani, mbuzi wetu alikuwa wa mabaka. Huyu mweusi umemwazima kwa nani?" Nikasema macho yamechoka.

Kilichonifikisha kwako ni hiki. Mwezi uliopita nilikuwa Dar es Salaam kwa mkwe wangu Ramadhan, akanipeleka sinema mchana wa Jumamosi, na picha yenyewe ilikuwa ni *Mshona Matandiko*. Kitabu hiki nimekisoma mara kumi na moja, kwa hiyo niliingia kama hakimu, tayari kuhesabu makosa, na makosa yapo. Wamemtoa mjomba mwenye kesi ya shamba, ambaye kitabuni anachukua sura tatu. Wamempa Anselmi masharubu ambayo mwandishi hakumpa. Gharika wameianzisha asubuhi, kumbe ilianza adhuhuri. Lakini kufika katikati niliacha kuhesabu. Yule mjomba hakuna aliyemkosa, hata mimi barazani huwa namruka. Na sindano, Bi Mwaija: kitabuni imeandikwa mara moja tu kwamba sindano ililia ikipita katika ngozi, lakini katika picha sauti ile inamfuata Anselmi mji kwa mji, ukifumba macho unamsikia anashona, unashona naye, mpaka unaelewa bila kuambiwa kwamba mtu huyu kazi anaipata kila mahali ila pa kukaa hana. Picha yenyewe haina rangi, nami naapa niliuona wekundu wa ngozi.

Kisha mwisho. Kurasa mbili za kitabu wamezifanya bila neno hata moja. Anapewa maji, na hatuonyeshwi uso wake, tunaonyeshwa mkono tu, kidole gumba kinazunguka mdomo wa kikombe, kinafika penye pengo, kinasimama. Basi. Ukumbi mzima, watu wa kila taifa, hakuna aliyekohoa. Nilikuwa siku zote nikiuona mwisho ule ni wa msiba, ndiyo maana niliuficha, na pale nikaona kitu kingine, kwamba mtu yule amekunywa maji ya kwao, na aliyempa hakumuuliza ukoo. Sikulia kwa huzuni. Nilimwomba Ramadhan tukae tuione mara ya pili, akakubali kwa adabu, akalala.

Nilirudi nyumbani na furaha yangu, na siku ya tatu bwana wa gari la sinema akaja kunikuta barazani, akasema picha ile ile italetwa hapa, madirisha ya ukumbi yatazibwa kwa majamvi ili kuwe na giza mchana, na kwa kuwa maneno yake ni ya Kiingereza wanataka mtu wa kuyafasiri kwa kipaza sauti, na mji mzima umenitaja mimi. Nilikubali kabla sijafikiri. Sasa mji wote unajua Anselmi alipokewa kwa mbuzi wa mabaka, wapo waliozaliwa na kuoa wakijua hivyo. Na aliyeshika kazi ya kushona majamvi ya madirisha ni Zaina. Yeye na wenzake wanashona uani kwetu, na kila jioni akinipakulia ananiambia, "Nina hamu ya kumwona yule mbuzi. Wazungu sijui humchinjaje."

Mke wangu huyu hana kifani, na ndiyo inayoniumiza. Hajanisumbua hata siku moja kuhusu kwetu. Mwaka jana mchuuzi wa mananasi kutoka Kiwangwa aliniletea salamu kwamba binti wa marehemu kaka yangu anaolewa Mkange, wananingoja, nami nikakaa kizingitini natafuta udhuru, Zaina akaniletea maji ya kunywa, akasimama, akasema tu: "Hivi yule mtu, angetaja jina lake baada ya kunywa maji, kungeharibika nini?" Nilikuwa nimeudhika, nikadhani ni habari za shoga zake wa darasa la akina mama, ambako anakwenda mwaka wa tatu sasa kujifunza kushona kwa cherehani na herufi kidogo. Jina lake nimeliandika humu bila hofu kwa kuwa gazeti hulitazama picha tu, kisha hulitandika chini ya ukindu uliotiwa rangi. Ukindu wake umejaa nyumba nzima, juzi nilipokifungua kitabu kujiandaa kufasiri nikakuta uzi wa ukindu mwekundu hata katika sura ya mwisho, sijui umeingiaje.

Nimeona njia tatu. Kwanza, niugue Ijumaa. Pili, nifasiri uongo, niseme kwenye kipaza sauti kwamba Anselmi anakwenda kumwita mchinjaji, lakini nikiikumbuka ile picha ya kidole gumba naona nitakuwa nimetemea mate kitu safi. Tatu, niseme kweli, na Zaina ajue mbele ya mji mzima kwamba jibu lake la ndoa alilitoa kwa maneno ya kubuni. Nifuate ipi? Naogopa, Bi Mwaija, asije akaniuliza ni mangapi mengine niliyomsomea ambayo hayakuandikwa.

Wako,
Msomaji wa Baraza, Bagamoyo

BI MWAIJA ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimekwisha kukuamkia, sasa niache nikugombeze.

Umenyoosha mkono kwenye kitabu cha mtu, ukaondoa maji, ukatia mbuzi. Ni kosa. Si kubwa kama unavyolibeba, maana kwenye ukurasa huu nimeletewa wanaume waliodanganya makubwa kuliko mbuzi, lakini ni kosa, na usitake nikuambie kwamba ulifanya kwa mapenzi. Ulifanya kwa hofu. Mapenzi yalikuwako, yalikaa pembeni yanakutazama.

Njia ya kwanza ifute. Ukiugua Ijumaa, watamweka mwingine kwenye kipaza sauti, na huyo hata hatajua kama mjomba mwenye kesi ametolewa. Mtu aliyenieleza picha moja kwa namna uliyonieleza wewe, hata mimi nikaisikia ile sindano ikipita katika ngozi, hana ruhusa ya kulala na homa ya uongo siku mji wake unaiona.

Njia ya pili umeifuta mwenyewe kwa mkono wako, sina la kuongeza. Ila nakukumbusha jambo moja ulilosahau kwa woga: umesema kipande kile cha mwisho hakina neno hata moja. Sasa wewe mfasiri utafasiri nini? Anselmi akifika langoni, weka kipaza sauti chini. Waache watu waangalie kidole gumba, kama ulivyoachwa wewe.

Tuje kwa Zaina. Hapa, baba, nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Wewe ni msomaji wa miaka ishirini na mitano, na mke wako hujamsoma hata ukurasa.

Hebu rudi kwenye barua yako. Umeniambia kwamba ulipobadilisha mwisho ulisoma hakuna aliyegusa maji. Barazani kwako Anselmi hakunywa, alikula. Sasa niambie, mwaka jana kizingitini, mkeo alipokuuliza kungeharibika nini kama yule mtu angetaja jina lake baada ya kunywa maji, maji hayo aliyatoa wapi? Hayakutoka mdomoni mwako. Yametoka kitabuni. Na ule uzi wa ukindu mwekundu uliokuta katika sura ya mwisho, haukupeperushwa na upepo. Ni alama. Msomaji mwenzako aliiweka hapo ajue alipofika, na kama ameifikia sura ya mwisho, basi amepita hata kwa mjomba wa kesi, ambaye wewe unamruka.

Mkeo anasoma, mzee wangu. Hizo unazoziita herufi kidogo zimemfikisha mbali. Amejua tangu mwaka jana kwamba mbuzi hayumo. Na amefanya nini? Amekupakulia. Amekukejeli kidogo kidogo kila jioni, maana hiyo hamu yake ya kumwona mbuzi ni kejeli tupu, na ni haki yake. Na siku ile uliyokuwa unatafuta udhuru wa kutokwenda Mkange, hakukuuliza habari za Anselmi wala za shoga zake. Alikuuliza habari zako. Wewe ukaudhika.

Kwa hiyo usiogope kwamba Jumamosi atajua. Ogopa kwamba amengoja mwaka mzima umwambie mwenyewe, na zimebaki siku chache. Tena fanya haraka kuliko unavyodhani. Gazeti hili linafika Bagamoyo Alhamisi, nalo linapita mikononi mwake kabla halijafika chini ya ukindu. Uliandika jina lake bila hofu, nami nimeliacha kama ulivyoliandika. Huenda muda huu ameshamaliza barua yako na yuko kwenye jibu langu. Zaina dada yangu, kama ndiwe unayesoma, mpe nafasi aanze yeye kusema.

Sikiliza sasa cha kufanya. Ukishalikunja gazeti hili, ingia uani, waombe radhi hao wanaoshona majamvi watoke kidogo, chukua kitabu, kaa karibu na mkeo, umpe yeye akusomee ukurasa ule. Usisome wewe. Kwa miaka ishirini na mitano umesoma wewe. Akimaliza, sema samahani mara moja, kwa maneno machache, bila maelezo ya forodha. Nina hakika hatakuuliza mangapi mengine hukuyasoma sawasawa, na akikuuliza, mjibu.

Kwa mji, usisimame mbele ya watu kuungama kama uko mahakamani. Watani Mungu amewaumba kwa ajili gani? Nenda kwa Kulwa Ijumaa, mweleze yote, kisha mwambie Jumamosi kabla ya taa kuzimwa asimame yeye awaeleze. Atakuvua nguo, najua. Atakutoza na faini, maana utani hauendi bure, na sihitaji kukwambia ni mnyama gani atakayemtaka wala ni wa rangi gani. Utamtoa. Watu watacheka, kisha watatulia, na picha wataiona kwa macho yao, si kwa macho yako ya mwaka 1930. Na amini, watakuja barazani Jumapili wakitaka kitabu kisomwe upya kama kilivyo, na mjomba wa kesi ndani.

Lakini mwambie Kulwa mbuzi huyo asichinjwe Bagamoyo. Mpandishe lori pamoja na Zaina na wewe, mwende Mkange. Kazi umeshastaafu. Magoti yatapakiwa pamoja na mizigo. Mvua za vuli bado. Umetoka sinema umeniandikia mwenyewe, kwa maneno mazuri kuliko yangu, kwamba mtu yule alikunywa maji ya kwao na aliyempa hakumuuliza ukoo. Sasa unaogopa lango gani? Huko kuna binti wa kaka yako, ameshaolewa bila wewe, pengine ana mtoto, na alikuletea salamu hata kwa mkono wa mchuuzi wa mananasi.

Ukifika, usianze na hotuba, na mbuzi mfunge pembeni. Omba maji. Kunywa mpaka yaishe. Kisha, baba, kabla hujarudisha kikombe, taja jina lako.